Mashine Mbili, Tangi Moja

Waya nilioukata ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea. Ulitoka chini ya chujio la mafuta la boti yetu, ukapita ubavuni hadi kwenye king'ora kidogo kando ya usukani. Kazi yake ilikuwa moja tu, kutuambia kwamba maji yamejaa kwenye kikombe cha chujio. Lakini king'ora kikawa kinalia mno. Kililia asubuhi tukiwasha, kililia tukikata kona, kililia wageni wakiwa wamesinzia, nao wakaruka wakidhani tunazama. Siku moja nikachukua plaizi nikakata. Tukapata utulivu, na utulivu huo ukadumu wiki tano.

Naeleza kisa hiki kwa kuwa najua siko peke yangu. Tangu wakati ule nimekuwa nikichungulia boti za watu kila ninapofika, na nimeona nyaya zilizokatwa kama wangu, nimeona machujio yaliyoondolewa kabisa na mpira wa mafuta ukaunganishwa moja kwa moja na mashine, eti lile chujio "linasumbua". Katika kisa chetu hakufa mtu, namshukuru Mungu. Ila nilijifunza jinsi ilivyo rahisi mtu mzima mwenye akili zake kupita mbele ya onyo moja, mawili, matatu, manne, huku akiyasalimia.

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 28, na tulikuwa tunaimiliki watu watatu. Nyuma ina mashine mbili za kisasa za farasi 150 kila moja. Ikiwa nyepesi inapita noti 30 bila kutoa jasho, na kutoka Pangani hadi Nungwi tulikuwa tunafika kabla chai haijapoa ndani ya chupa. Tulijivunia sana zile mashine mbili. Mgeni akituuliza kama safari ni salama, jibu letu lilikuwa tayari: "Ikifa moja, nyingine inatufikisha." Tulilisema hilo mara nyingi hadi likawa kama aya ya dini. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza mashine hizo mbili zinakunywa kutoka wapi. Zilikuwa zinakunywa kutoka tangi moja.

Siku hiyo ilikuwa mwishoni mwa Aprili, masika yamekolea. Tulikuwa na wageni wanne waliotakiwa kuwahi ndege Unguja. Kituo cha mafuta tulichozoea kilikuwa kimeishiwa petroli tangu jana yake. Karibu na ufuko kulikuwa na mfanyabiashara anayeuza kwa mapipa, nikaenda kwake. Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo, maana hakunificha kitu. Mapipa yalikuwa uani, wazi, na mimi nilikuwa na macho.

Nililoliona kwanza ni pipa lenyewe. Lilikuwa limesimama wima, na juu yake, ndani ya ule ukingo, maji ya mvua yalikuwa yametuama kama kwenye sahani. Kizibo kilikuwa kimezama humo. Nilikiona, nikakiruka kwa macho. Wakati ule sikujua kwamba pipa hupumua. Mchana jua likilipiga, hewa ya ndani hutanuka na kutoka taratibu kwenye nyuzi za kizibo. Usiku pipa likipoa, hewa hujikunja na pipa huvuta ndani chochote kilicho juu yake. Kama juu yake kuna maji, litavuta maji. Hufanya hivyo usiku baada ya usiku, bila kizibo kulegea na bila mtu kuliibia. Ndiyo maana wanaojua kazi hiyo hulilaza pipa kwa ubavu, vizibo viwili vikitazama kulia na kushoto, au huliegemeza kwa gogo ili maji yatiririkie upande usio na kizibo, kisha wakalifunika turubai.

La pili ni rangi. Petroli safi hung'aa, ukiitazama kwenye chombo cheupe unaona hadi chini. Ile tuliyopampu ilikuwa na ukungu kidogo, kama maji ya dafu. Nikajiambia ni mawingu ya asubuhi.

La tatu lilinijia kwa sauti ya binadamu, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Tulikuwa na kijana wa kufunga kamba, hata miaka 20 hajatimiza, mwenye tabia ya kuinama na kutazama vitu. Tulipomaliza kujaza akawasha mashine ya kulia kuipasha moto, kisha akachungulia kile kikombe cha kioo chini ya chujio, akaniita.

"Bosi, humu kuna shanga."

Nikainama nami. Kweli, chini ya kikombe kulikuwa na vijitone vinavyozunguka kama shanga za kioo, havichangamani na mafuta. Nikamwambia hilo ni jasho la tangi tu, akaze kifuniko twende, wageni wanachelewa. Akakaza. Alikuwa ameona sawasawa, na mimi, kwa mamlaka ya umiliki wa theluthi moja ya boti, nikamfundisha kutokuona.

La nne lilikuwa mashine zenyewe. Ya kushoto ilikataa kuwaka mara mbili, ikawaka mara ya tatu, ikatetemeka, ikazima, ikawaka tena. Nahodha wetu, mtu mzima kuliko mimi na mwenye maneno machache, akanigeukia. "Bwana mdogo, hii inakohoa." Nikamjibu kwamba ni baridi. Baridi ya Pangani, jamani!

Mlangoni mwa mto kusi ilikuwa imeanza kusukuma. Tulipokuwa tunapanda mawimbi taratibu, mashine zilitulia kabisa, nikaona nimeshinda ubishi. Tulipokipita kisiwa cha Maziwe nahodha akafungua kasi. Dakika chache baadaye mshale wa mizunguko ukaanza kucheza, unashuka, unapanda, unashuka. Akapunguza, ukatulia. Akaongeza, ukacheza tena. Akasema turudi. Mimi nikatazama saa. Nikamwomba ajaribu tena, kidogo tu, maana zikikaa kwenye mwendo huenda zikajisafisha zenyewe. Naandika sentensi hiyo nikiona haya. Mashine haijisafishi kwa kula uchafu zaidi.

Ya kulia ikafa. Nahodha akasema ile aya yetu, ikifa moja nyingine inatufikisha, nadhani aliisema kwa ajili ya wageni. Hazikupita dakika nne ya kushoto nayo ikafuata. Kimya kilichofuata sitakisahau. Boti ya kasi ikizima katikati ya maji haikai kama mashua. Tumbo lake limechongwa kwa ajili ya kuruka, si kwa ajili ya kusubiri, basi ilijigeuza ubavu kwa mawimbi na kuanza kutupa kila mtu. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini, na kusi ikiingia unapata nguvu, hivyo tukawa tunachukuliwa kuelekea Tanga na bahari pana. Chujio la akiba tulikuwa nalo. Lilikuwa nyumbani, kabatini.

Wavuvi waliokuwa wakirudi Kigombe walituona baada ya saa mbili na zaidi. Mashua yao ilikuwa na kimashine kimoja cha farasi 15, na mafuta yao, waliyoyachuja kwa kitambaa, waliyabeba kwenye dumu. Ndio waliotuvuta. Wageni walikosa ndege.

Sasa niseme jambo linalofanya aibu yangu iwe kubwa zaidi. Nilikuwa nimekwisha kusoma kisa kama hiki, tena cha boti iliyoipita yetu kwa kila kitu, na nilikuwa nikikisimulia kwa watu kama burudani.

Mwaka 1985 Richard Branson, tajiri wa Uingereza, alitaka kuvuka Atlantiki kwa boti kwa muda mfupi kuliko yeyote. Rekodi iliyokuwapo ilikuwa ya meli kubwa ya abiria ya Marekani, SS United States, iliyovuka mwaka 1952 kwa siku 3, saa 10 na dakika 40. Boti yake ya kwanza iligonga kitu kinachoelea ikiwa imebakiza sehemu ndogo ya safari, ikazama, na watu wake wakaokolewa na meli ya kampuni ya ndizi iliyokuwa njiani kwenda Karibi. Mwaka uliofuata akarudi na boti nyingine, Virgin Atlantic Challenger II, ya futi 72, yenye mashine mbili za dizeli za MTU, kila moja ikiwa na nguvu za farasi zipatazo 2,000. Humo ndani walikuwamo Chay Blyth, baharia mashuhuri aliyewahi kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, na Dag Pike, bingwa wa kuongoza boti za kasi, pamoja na fundi aliyezijua mashine zile. Kwa maneno mengine, hapakuwa na mtu wa kubahatisha.

Boti ile haikuweza kubeba mafuta ya safari nzima, kwa hiyo vyombo vya kuijazia viliwekwa baharini sehemu tatu. Ilipojaza mara ya pili, upande wa Kanada, mashine zikaanza kukohoa kisha zikazima. Walipochunguza wakakuta wamepakia mafuta yaliyochanganyika na maji, tena si ndoo moja wala mbili, ni tani kadhaa. Dizeli na maji vikitikiswa pamoja kwa muda hugeuka kitu kama maziwa, na hapo huwezi kuyakinga maji chini ukayamwaga ukabaki na mafuta. Ikabidi wamwage, wajaze upya, wasafishe, wabadili machujio, wawashe, zizime, wabadili tena. Saa nyingi zikapotea, boti ikiyumba katikati ya bahari baridi. Machujio yakaanza kuwaishia, na Jeshi la Anga la Uingereza likatuma ndege aina ya Nimrod iwadondoshee mengine majini. Mashine za farasi 4,000 zilikuwa zinasubiri karatasi ya kuchujia idondoke kutoka mbinguni!

Walifika tarehe 29 Juni 1986 wakiwa wametumia siku 3, saa 8 na dakika 31. Waliivunja rekodi kwa saa mbili na dakika tisa tu, na hata Kombe la Hales, tuzo ya kuvuka Atlantiki kwa kasi zaidi, hawakupewa, kwa hoja kwamba walijaza mafuta njiani na boti yao haikuwa chombo cha kubeba abiria kibiashara. Watu huikumbuka ile boti ya kwanza iliyozama, kwa kuwa kuzama ni kioja. Mimi naona ya pili ina funzo zaidi. Gogo linaloelea usiku hulioni, na ukiligonga hiyo ni ajali. Maji ndani ya mafuta yanaonekana mchana kweupe, ukiyapa kioo na dakika kumi. Dakika kumi hizo ndizo mtu mwenye haraka hawezi kuzitoa, awe anaitafuta rekodi ya Atlantiki au anaikimbilia ndege ya wageni wanne.

Nirudi kwangu. Fundi aliyezifungua mashine zetu alianza na chupa tupu ya sosi ya nyanya. Akakinga mafuta kutoka chini kabisa ya tangi, akaiweka juu ya meza, akaniambia nikae tuzungumze habari nyingine. Tukazungumza habari za mpira. Tulipoitazama tena chupa, ilikuwa na ghorofa mbili zenye mpaka ulionyooka kama umepigwa rula: juu petroli, chini maji yenye chembe nyekundu za kutu. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, hivyo yakipewa utulivu hushuka yenyewe. Hayahitaji maabara.

Akaniuliza, "Sasa mzee, mashine gani unataka niilaumu?"

Kisha akanieleza kitu nilichopaswa kukijua kabla ya kununua boti. Tangi likiwa limetulia gatini, maji hukaa chini kabisa, na mara nyingi mdomo wa mpira unaovuta mafuta uko juu kidogo ya sakafu ya tangi. Kwa hiyo gatini mashine hunywa mafuta safi na kuwaka, au hukohoa kidogo tu ikameza. Ukitoka nje, mawimbi yanalikoroga tangi, maji yanainuka, mpira unayavuta. Ndiyo maana ugonjwa huu hausubiri fundi akiwa karibu. Hungoja uwe mbali na nchi, kwenye mawimbi, umefungua kasi. Na kasi yenyewe ni sehemu ya tatizo. Kimashine cha farasi 15 hunywa lita chache kwa saa. Mashine ya farasi 150 ikifunguliwa yote hunywa zipatazo 50, na zetu zilikuwa mbili. Kila uchafu ulio ndani ya mafuta unaletwa mlangoni kwa wingi huo huo. Tena gari likishapata mwendo barabarani hupumzika, lakini boti ya kasi ni kama lori linalopanda mlima tangu linapoondoka hadi linapofika. Haina mteremko.

Mashine za zamani zenye kabureta zilivumilia mengi. Unafungua skrubu, unamwaga, unapuliza, unaendelea. Hizi za kisasa zina nozeli zenye matundu madogo sana, na zile za dizeli za leo husukuma mafuta kwa mgandamizo wa kutisha. Kwenye dizeli, tone la maji likifika kwenye ncha ya nozeli yenye moto hugeuka mvuke kwa mshtuko na kuweza kuipasua. Lisipoipasua, na kwenye petroli pia, huacha kutu. Nozeli zetu zote nane zilikuwa zimeharibika, pamoja na pampu. Gharama yake ilimeza mapato ya msimu mzima, na mmoja wa wenzangu wawili akauza hisa yake.

Wenye dizeli msicheke. Kwenu kuna adui wa ziada. Pale maji yanapokutana na dizeli ndani ya tangi, na joto letu hili la pwani, kuvu na bakteria huota na kuzaliana wakila mafuta. Huacha utando mweusi unaovutika kama mlenda, na mlenda huo ndio unaoziba machujio moja baada ya jingine hata baada ya maji kumwagwa. Boti inayokaa miezi bila kazi na tangi nusu tupu ndiyo nyumba yao, maana nafasi ile tupu hushika unyevu wa hewa, nao hutiririka ukutani kila usiku. Kama boti italala muda mrefu, ilale na tangi lililojaa.

Tena maji si kosa pekee. Sisi Watanzania tuna neno letu, kuchakachua, lililotoka kwenye mafuta likaingia hadi kwenye kura. Mchanganyaji hutia mafuta ya taa ndani ya petroli au dizeli kwa sababu ya tofauti ya bei, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2011 serikali iliipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo. Kwetu, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuyatia mafuta alama maalumu ili wakaguzi wake wayapime vituoni. Hayo yamesaidia. Ila mkaguzi hufika kituoni, na pipa lililoko uani kwa mtu karibu na ufuko linabaki kuwa kazi yako wewe unayenunua.

Mafuta ya taa ndani ya petroli hayazimi mashine papo hapo kama maji. Hufanya jambo baya zaidi, huiacha iendelee. Petroli iliyopunguzwa nguvu hivyo hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na kila mlipuko ni nyundo juu ya pistoni. Utausikia mlio mkavu wa kugongagonga ukifungua kasi, kama changarawe ndani ya kopo. Mashine ndogo inaweza kugonga hivyo siku nyingi. Mashine ya kasi, yenye mgandamizo mkubwa, inaweza kutobolewa pistoni katika safari moja, na mafundi watakwambia imenoki, nawe utadhani ni uzee. Kuna kipimo cha kienyeji kinachosaidia: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi huruka na kuiacha karatasi kavu. Yenye mafuta ya taa huacha duara la mafuta linalokaa. Si kipimo cha mahakamani, lakini kingetosha kukufanya uulize swali kabla ya kulipa.

Nawaomba basi, wenye boti, manahodha, na hata abiria. Beba chupa ya kioo. Kabla pipa halijaingia kwenye tangi lako, kinga mafuta ya chini ya pipa, yaweke pembeni, zungumza habari za mpira. Mfanyabiashara mwaminifu hatachukia, na anayechukia amekwishakujibu. Usiwashe boti na kuondoka mara umemaliza kujaza, ipe nafasi, kisha mwaga kile kikombe. Chujio la akiba lisikae kabatini. Kama una mashine mbili na uwezo unao, zitenganishie matangi. Kama huna, angalau acha kuwaambia watu kwamba zitakuokoa, maana ukizinywesha sumu moja zitakufa siku moja. Na kijana wako akikwambia ameona shanga, inama utazame mara mbili, kisha mshukuru mbele ya watu.

Liko jambo moja nimelibakiza. Siku ile ya chupa ya sosi, fundi alichukua tone la yale maji ya chini akalidondosha juu ya bati jeusi juani. Lilipokauka likaacha duara jeupe. Chumvi. Mvua haina chumvi. Akaenda akafungua kifuniko cha tangi la boti, akanionyesha mpira wake wa kuzibia umepasuka kama kisigino cha kiangazi. Kila wimbi lililopanda juu ya sitaha lilikuwa linatuachia vijiko kadhaa vya bahari, kwa miezi. Pipa la yule mfanyabiashara lilimalizia tu kazi ambayo boti yetu ilikuwa imeianza.

Kumbe ndiyo maana king'ora kilikuwa kinalia.

Mpira wa kifuniko ulitugharimu pesa kidogo kuliko chakula cha mchana cha mtu mmoja. Tumeubadili, na ule waya nimeuunga mwenyewe kwa mkono wangu ule ule. Tangu hapo king'ora kimelia mara mbili. Nimefungua kikombe mara zote mbili, na mara zote mbili nimekuta maji.